Aliyeinuka Amehama

Jumatatu, 25 Novemba

Leo naanza kuandika. Daftari ni lile la ushirika wa tumbaku, kurasa nne tu zimetumika. Shule niliacha darasa la tatu nikaingia shambani kuvuna majani, lakini kuandika najua, tena vizuri kuliko wengi. Na watakaokuja wajue nilivyodhulumiwa.

Tumevamiwa! Si na adui. Na serikali.

Nimeingia mkahawani asubuhi kama kawaida. Nimeketi kiti changu: karibu na jiko la kuni, mgongo ukutani, dirisha mkono wa kushoto. Nakikalia mwaka wa arobaini na moja huu. Nikasokota sigara. Nikanyoosha mkono nitafute kisahani cha majivu. Hakuna! Nikatazama meza za wengine. Hakuna! Mama Kaliroi, mwenye mkahawa, mjane wa watu, akasema vyote viko stoo na stoo ina kufuli. Wakaguzi wameingia kijiji cha jirani juzi. Wamemtoza faini mwenye mkahawa na kila aliyekuwa anavuta ndani, hadi kinyozi aliyepita tu kuuliza habari. Nikamwambia sheria hiyo ina miaka kumi na hakuna aliyewahi kuisikia. Akasema sasa wameisikia. Redio nayo ikadakia: lengo ni taifa zima liachane na tumbaku. Taifa zima! Mimi hawakuniuliza.

Serikali hiyohiyo, mwaka wa themanini na mbili, ilinipa cheti. Mkulima Bora wa Tumbaku. Kina muhuri. Kiko ukutani kwangu, juu ya kitanda.

Nikatoka nje kuvuta. Dakika tatu, baridi ya kukata masikio. Kurudi, nani yuko kwenye kiti changu? Sava!

Sava alikuwa karani wa kijiji mpaka alipostaafu. Ndiye aliyenisimamia harusi, kwa hiyo tunaitana kumbare mpaka kaburini, tupende tusipende. Alikuwa anavuta paketi mbili kwa siku. Daktari akamtisha, akaacha, na tangu hapo anatutazama sisi kama padri anavyotazama walevi. Nikamwambia kistaarabu ainuke. Akafungua gazeti. Akasema, "Kumbare, sheria ya humu ndani unaijua kuliko mimi. Aliyeinuka, amehama."

Watu wakacheka. Mama Kaliroi naye!

Ni kweli, sheria hiyo niliitunga mimi. Mwaka wa theluji kubwa marehemu Leonida aliinuka kuongeza kuni, nikakaa. Alipolalamika nikatamka palepale: aliyeinuka amehama. Sheria nzuri sana. Imefanya kazi miaka arobaini na moja bila mkaguzi hata mmoja. Lakini niliitunga dhidi ya Leonida, si dhidi yangu.

Nimekaa karibu na mlango mpaka jioni. Goti la kulia limevimba. Kiti lazima kirudi. Na sigara siachi. Vyote viwili.

Jumanne, 26 Novemba

Akili yangu ni ya haraka, hili linajulikana hapa kijijini Livaditsa kote. Jana Sava alisoma gazetini kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba marufuku ni mahali palipofungwa, penye paa na kuta. Usiku wote nimeligeuza neno hilo kichwani. Mahali palipofungwa! Basi pafunguliwe, tumalize maneno.

Mama Kaliroi alikwenda kwa muuza mikate. Mimi na bisibisi yangu tukabaki. Madirisha mawili, upande wa mlima na upande wa barabara, nimeyang'oa na fremu zake nikayaegemeza ukutani nje. Kazi safi. Halafu nikaketi kiti changu (Sava alikuwa hajafika) nikawasha.

Sigara tamu ajabu! Halali kabisa. Nimevuta nje, lakini nimekaa ndani.

Kisha upepo wa mlimani ukaamka. Jiko likarudisha moshi wote ndani. Sava alipofika, gazeti lake lilimponyoka mlangoni likaenda zake. Kofia ya Padri Zisi iliruka ikatua kwenye sufuria ya maharage. Watu wakakaa na makoti, wakanitazama. Nikawaambia hewa safi ni dawa, ndivyo serikali inavyotaka.

Mama Kaliroi akarudi na mikate. Yule mama hapigi kelele, na hiyo ndiyo hatari yake. Akaweka mikate mezani polepole, akasema, "Mzee Thrasivule, nahesabu mpaka kumi."

Alipofika saba niliinuka kurudisha madirisha. Niliinuka! Kabla sijafika dirishani Sava alikwishakaa, na koti mwilini. Kwa hasira nikavunja kioo kimoja. Kesho nanunua kingine.

Jumla: sigara moja ndani. Si haba. Sava hana hata hiyo.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimegundua jambo. Anayefika wa kwanza ndiye mwenye kiti. Basi leo nimefika alfajiri, jogoo akiwa bado anajinyoosha, nikasubiri mlangoni. Mama Kaliroi kufungua, mimi huyo ndani. Sava alipokuja na gazeti lake nikamwambia habari za asubuhi kumbare, karibu pale mlangoni, kuna hewa.

Sasa hila yenyewe. Jiko lina kimlango. Moshi wa kuni unapanda dohani. Na moshi wa tumbaku ukiingia humo, nani atautenganisha na moshi wa mwaloni? Mkaguzi atapanda paani kunusa? Nikainama, nikafungua kimlango kidogo, nikavuta, nikapuliza ndani. Haukutoka hata uzi mmoja wa moshi! Sigara ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu nikaanza kuwahurumia mawaziri.

Ya nne, Mama Kaliroi akaja akatupia kipande cha msonobari, kile chenye utomvu. Hakuniambia. Moto ukatoka mlangoni kama ulikuwa unanitafuta mimi.

Masharubu yangu ya kulia hayapo tena. Harufu ilikuwa ya jogoo aliyechinjwa akababuliwa manyoya. Niliruka juu. Niliruka! Na anayeruka ameinuka, hakuna ubishi. Sava akakaa, akakunja miguu, akasema, "Kumbare, leo sigara ndiyo iliyokuvuta wewe."

Ameirudia kwa kila aliyeingia. Nimehesabu mara tisa. Ya tisa watu bado walicheka.

Nyumbani mke wangu Varvara amenikata na ya kushoto ili yalingane. Amesema naonekana kijana. Hilo nalijua.

Jumamosi, 30 Novemba

Mtakatifu Andrea. Kwa hiyo siku ya jina ya Andrea mchungaji, na wote tumekwenda kwake. Siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu uliyepewa jina lake, haina mwaliko. Mlango uko wazi, unaingia, unamtakia miaka mingi, unakula pweza, unakunywa tsipuro, pombe kali ya zabibu zake. Asiyekwenda ndiye anayeulizwa.

Basi nimeingia na naona nini! Wanaume kumi na wawili, sigara kumi na mbili, moshi mzito mpaka picha ya marehemu babake Andrea haionekani. Ndani! Chini ya paa! Hakuna anayetazama mlango. Nikasokota yangu upesi. Sava peke yake alikaa dirishani, pua nje, mwili ndani.

Nikamwendea. Nikamuuliza kwa unyenyekevu, yeye kama msomi, je, sheria hii inaingia nyumbani kwa mtu? Alijaribu kukohoa. Lakini Sava amekuwa karani miaka thelathini, hawezi kudanganya juu ya karatasi, tumbo litamuuma. Akasema, mdomo umepinda kama kalamba limau, kwamba sheria inaishia kizingitini.

Inaishia kizingitini!

Nimerudi nyumbani naimba. Varvara ameuliza nimekunywa ngapi.

Jumapili, 1 Desemba

Mpango ni huu. Mkahawa uhamie kwangu. Jiko ninalo. Kiti cha mikono ninacho, karibu na jiko. Nyumba ni yangu, kizingiti ni changu. Kila siku ya jina, mlango wazi, kijiji kizima kinakuja kuvuta, na mimi nimekaa kitini kama askofu.

Tatizo dogo: jina langu. Mimi nimepewa jina la jemadari wa kale, aliyewafukuza madhalimu kabla Kristo hajazaliwa. Na hapo ndipo penye shida. Kabla ya Kristo hakuna watakatifu. Sisi wenye majina ya mashujaa tunarundikwa pamoja siku ya Watakatifu Wote, na inaangukia kiangazi. Kiangazi nani anataka jiko?

Baada ya ibada nikamshika Padri Zisi anisomee kalenda ya kanisa. Tarehe nne, Varvara. Huyo ninaye, nimemuoa. Tarehe tano Sava, mkosi. Sita, Nikola. Saba, Ambrosio. Tisa, Ana. Nikamuuliza kuna siku isiyo na mtakatifu? Akasema hakuna hata moja, mwanangu, mwaka umejaa. Akafurahi nimeanza kuuliza mambo ya dini. Akanibariki.

Pale pale kwenye lango la kanisa nikatangaza: Jumatano wote kwangu, na tumbaku zenu. Wakapiga makofi. Varvara alikuwa nyuma yangu. Sikujua.

Jumatano, 4 Desemba

Mtakatifu Varvara. Siku kuu ya maisha yangu, ukiacha ile ya cheti.

Mke wangu amepika ile ngano ya siku ya jina lake, ngano nzima yenye zabibu kavu na jozi na mdalasini, sufuria mbili. Walikuja wote! Mkahawa wa Mama Kaliroi ulibaki na paka. Nikakaa kiti changu cha mikono, jiko linanguruma, nikawasha ya kwanza nikatazama dari yangu ikijaa moshi wangu. Nikasema waje sasa hao wakaguzi, wasimame pale kizingitini waone.

Robo saa nzima nilikuwa mfalme.

Kisha mtu akagonga bilauri mezani. Tupu. Na mwenye nyumba siku ya jina hakai, humimina. Hili nililisahau. Miaka hamsini nimemimina tsipuro siku ya Varvara, na nikalisahau! Nikainuka, nikazunguka meza moja, ya pili. Kurudi, Sava yuko kitini. Kiti changu, nyumbani kwangu, jikoni mwangu! Mdomo umejaa ngano ya mke wangu. Hakuweza hata kusema. Alinyoosha tu kidole kunionyesha kiti, kisha mlango, na wote wakamsemea kwa sauti moja: "Aliyeinuka, amehama!"

Nimekaa kwenye kigoda cha kukamulia mbuzi. Lakini nimevuta ndani sigara kumi na moja. Nusu ya ushindi ni ushindi.

Varvara amefungua madirisha mara tatu. Hakusema kitu. Vizuri, ameridhika.

Jumamosi, 7 Desemba

Mambo yanakwenda vizuri sana.

Juzi ilikuwa siku ya Sava. Kwake hakuna kuvuta, alibandika karatasi mlangoni, ina muhuri wake wa zamani. Watu walimtakia miaka mingi wakakumbuka mbuzi wao. Saa mbili usiku alikuwa amebaki na mkewe. Mimi nilikaa mpaka mwisho ili nione vizuri.

Jana, Nikola. Kwangu hakuna Nikola aliye hai, lakini kakangu marehemu aliitwa hivyo, na hakuna aliyemkataza marehemu kusherehekewa. Walikuja kumi na wanne.

Leo, Ambrosio. Hapa pana kazi. Hakuna Ambrosio Livaditsa tangu vita. Nikafikiri, nikafikiri, nikatazama dirishani. Punda wangu ana miaka tisa na hajawahi kuwa na jina, namwita "wewe." Basi leo asubuhi nimempa. Nimemfunga karibu na dirisha, nimemvika utepe. Kila aliyeingia alisimama kwanza kumwambia, "Miaka mingi, Ambrosio!" Punda alikubali salamu zote kwa heshima, kuliko baadhi ya watu ninaowajua.

Shida ni ile ile ya kiti. Nikamwomba Varvara amimine yeye, mimi nikae. Akasema siku ya jina ni ya punda, mwache punda amimine. Kwa hiyo kiti kimekuwa cha Sava siku mbili mfululizo. Anakuja wa kwanza. Anasema moshi unamuumiza lakini mila ni mila.

Mama Kaliroi hakuja. Padri Zisi anasema alikuwa mteja wake peke yake leo, kahawa moja. Nikasema hivyo ndivyo sheria mbaya zinavyoua biashara.

Jumatatu, 9 Desemba

Mtakatifu Ana. Ana alikuwa mama mkwe wangu. Hatukupatana, lakini kwa ajili ya tumbaku nimemsamehe.

Nyumba imejaa. Watu wanavuta, mimi na chupa mkononi. Mlango ukafunguka: Mama Kaliroi, koti jeusi, funguo za mkahawa mkononi. Hakukaa. Akatutakia miaka mingi, sauti ya kawaida tu. Akasema amekuja kuaga. Siku nne anawasha jiko kwa ajili ya kuta. Jumamosi anafunga, anakwenda kwa binti yake Patra. Jiko kamwahidi mtu wa vyuma chakavu. Meza atazigawa. "Na viti," akasema, "ni vya zamani, vimelegea. Anayetaka kuni achukue."

Hata sigara zilisimama hewani.

Kuni! Kiti changu! Arobaini na moja! Kimechukua umbo langu, nikikaa kingine mgongo unakataa. Na bila mkahawa tutaketi wapi, makaburini? Nikaona hata Sava ameteremsha miguu.

Ndipo Varvara alipoinuka. Mke wangu ni mfupi. Leo alikuwa mrefu. Akaninyang'anya chupa, akaninyang'anya na mfuko wa tumbaku. Akasema, "Sasa na mimi natoa sheria, sikilizeni, sitoi gazetini. Ndani ya nyumba hii havuti mtu tena. Na haina mtakatifu mwingine mpaka Krismasi, awe mtu, awe punda. Mapazia yangu yananuka kama ghala la ushirika. Mmekaa hapa mnakula ngano yangu na mnamnyima mjane mkate wake. Si aibu hiyo? Inukeni! Mnajua Kaliroi anakokaa."

Wazee wenye wajukuu waliinuka kama watoto wa shule. Wa kwanza Sava, kofia mkononi. Dakika mbili, nyumba tupu. Nikamweleza Varvara kwamba sheria inaishia kizingitini. Akasema ya kwake inaanzia hapo.

Nimevutia nje, ile moja iliyobaki sikioni. Nje ya nyumba yangu, na ndara, mvua inanyesha! Ambrosio alikuwa chini ya paa, mkavu.

Jumanne, 10 Desemba

Ushindi! Naandika taratibu ili niuonje.

Mkahawa umejaa leo kuliko siku ya uchaguzi. Kila mtu ameagiza kahawa mbili kwa aibu. Mama Kaliroi ametundika funguo msumarini, na mtu wa vyuma ameambiwa asije. Lakini kitini nani? Sava, tangu alfajiri. Aliwahi, shetani mkubwa.

Nikakaa mlangoni nikatafakari. Nguvu haifai. Bisibisi haifai. Moto haufai. Nini kinamwinua mtu bila kumgusa?

Takrima! Hapa kwetu bilauri uliyotumiwa na mtu hairudi. Unaiinua, unamtazama aliyekupa, unakunywa kwa afya yake mpaka chini. Ukikataa umemtukana yeye na babake. Na Sava kwa amri ya daktari hanywi kitu ila chai ya majani ya mlimani. Nikamwambia Mama Kaliroi ampelekee kumbare wangu chai, bilauri kubwa.

Ya kwanza kwa afya yake. Akanywa, akashangaa. Ya pili kwa mwanawe aliyeko Ujerumani. Ya tatu kwa kuwa alinisimamia harusi, na hapo nikaongea vizuri mpaka macho yakamlowa, maskini. Ya nne kwa roho ya Leonida. Hapo alianza kunielewa. Akasema polepole, "Thrasivule, una dhambi wewe." Nikasema kunywa, kumbare, mkahawa mzima unatutazama. Ya tano kwa Ambrosio.

Gazeti lilianza kutetemeka. Miguu ikasokotana kama mzizi wa mzabibu. Akatazama jiko, akatazama mlango wa uani, akanitazama mimi. Saa sita kasoro robo aliinuka. Hakutembea. Mtu wa miaka sabini na saba, alikimbia!

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto. Joto la Sava, lakini nimesamehe.

Ijumaa, 13 Desemba

Siku ya nne kitini. Haikuwa rahisi na mtu mwingine asingeweza.

Sava anakaa meza ya pili, koti mwilini, kofia kichwani, tayari. Nikiinuka tu kwenda nje kuvuta, amekaa. Kwa hiyo siinuki. Jumatano nilijiambia nitavuta baadaye. Alhamisi pia. Jioni nikifika nyumbani nimechoka kwa kukaa, na sheria ya Varvara inanisubiri mlangoni, na saa kumi alfajiri lazima niamke niwahi kiti. Nalala kama gogo.

Sava kalipiza, bila shaka. Juzi alinitumia chai sita. Nikawatangazia wote kwamba nimefunga, siweki kinywaji mdomoni mpaka Krismasi, alfajiri mpaka jioni. Padri Zisi alinibusu paji la uso mbele ya watu. Akasema hakutegemea kuyaona haya kabla ya kufa. Sava aliuma kofia.

Jumatano mikono ilitetemeka na nilimtukana paka. Jana nilitafuna dengu za kukaanga, mifuko miwili. Leo nimesahau kutafuna. Kitu cha ajabu: kile kikohozi cha asubuhi, nilicho nacho tangu jeshini, hakijaja. Nimekisubiri. Nadhani kimepotea njia.

Jumanne, 17 Desemba

Wamekuja! Wakaguzi! Wawili, kijana wa kiume na binti mwenye faili. Wakanusa. Hakuna kitu ila kuni na kahawa. Wakatafuta visahani vya majivu. Hakuna. Binti akauliza, kwa tabasamu, hivi kijiji hiki kizima hakina mvutaji? Vidole vyote vikanielekea mimi. Nikainua mkono kwa fahari, mgongo bado ukutani.

Akaniuliza lini nimevuta mara ya mwisho. Kabla sijajibu Sava akasema, "Tarehe tisa jioni, chini ya mvua. Leo siku ya nane." Karani ni karani. Yule binti akanishika mkono. Akasema wizara inahitaji wazee kama mimi, wa kuwaonyesha wengine njia. Akataka kuandika kwenye faili kwamba nimeacha.

Nikamwambia, "Binti yangu, usiandike uongo kwenye karatasi ya serikali. Mimi sijaacha. Mimi ni mvutaji tangu nina miaka kumi na miwili, na nina cheti. Nyinyi ndio mmeshindwa. Sheria yenu ilitaka kunitoa nje ya mkahawa huu. Muulize yeyote: siku nane, sijatoka hata mara moja!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mama Kaliroi naye alikuwa anafuta macho, sijui kwa nini. Wakabandika tangazo la marufuku ukutani, sawasawa juu ya kichwa changu. Linanipendeza. Anayeingia anadhani ni ikoni ya mtakatifu.

Wamekwenda bila kumtoza mtu hata senti. Mimi ndiye niliyewaokoa wote, ingawa hakuna aliyesema.

Jumapili, 22 Desemba

Theluji. Jiko jekundu. Nimeshiba, nimekaa.

Leo Sava alivuta kiti chake karibu, akavua kofia, na hilo halijatokea tangu nirudi kitini. Akasema, sauti ya chini ili wengine wasisikie, kwamba yeye kuacha tumbaku kulimtesa miaka miwili, alilia usiku, alitafuna kalamu za ofisi. "Na wewe, punda mkubwa," akasema, "umeacha kwa siku tano kwa sababu ya kiti." Akanipa mkono. Nikaupokea nikiwa nimekaa. Nilijua ni mtego.

Nikamweleza tena, kama nilivyomweleza yule binti, kama nilivyomweleza Varvara aliyenibusu jana bila sababu yoyote: sijaacha kitu. Mimi si mtu wa kuachishwa.

Na ushahidi ninao. Redio imesema mwaka mpya bei ya tumbaku inapanda tena, eti watu waikimbie. Wengine watakimbia. Mimi nimemtuma Andrea mchungaji mjini, ameniletea mifuko ishirini kwa bei ya zamani. Ishirini! Nimeipanga chini ya kitanda, chini ya cheti. Serikali nimeitangulia tena.

Sava akauliza mifuko yote hiyo ataivuta nani.

Mimi! Nitaivuta yote, mpaka jani la mwisho. Mara tu nitakapopata nafasi ya kuinuka.